Kompyuta Iliyolala kwa Zamu

Kitendawili. Nimetoa mbuzi thelathini na mmoja nikapata kitu kimoja. Nikikifunga kimelala, nikikifungua bado kimelala.

Umeshindwa? Nipe mji. Kitui sitaki, kuna ofisi nyingi, na mimi ofisi zimenitosha. Nipe Emali, kuna soko la mifugo. Asante. Jibu ni kompyuta ya kubeba ya Kikundi cha Mwethya cha Ngwatanio, akina mama wa kusaidiana kazi, hapa Kilungu, ambacho mwenyekiti wake ni mimi.

Sasa sikiliza tangazo. Nina furaha kuwaarifu wananchi wote, wa milimani na wa mabondeni, kwamba mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita, chini ya uongozi wangu unaoona mbali, akina mama arobaini wa Ngwatanio walihama rasmi kutoka enzi ya taipureta wakaingia enzi ya kompyuta. Mpango ulifaulu kwa kila njia isipokuwa kuandika.

Mambo yalianza na barua ya Idara ya Mbegu na Maendeleo ya Kisasa. Ukame ulikuwa umekula misimu miwili, nasi tulikuwa tumekula mbegu. Usitucheke. Mtoto akilia njaa humwambii angoje mahindi ya kibuyuni yapandwe kwanza. Barua ilisema kila kikundi kitapewa mahindi ya mbegu, yale yaliyopakwa dawa ya pinki, kabla ya mvua ya Novemba, mradi orodha ya majina iletwe kwa disketi, si kwa karatasi, "kwa kuwa wilaya imehama." Haikusema imehamia wapi. Mwisho ulikuwa Ijumaa ya tatu ya Oktoba, na baada ya hapo mbegu zingepelekwa kwingine.

Katibu wetu alikuwa Mbinya, mjane mwenye watoto wanne na shamba lililokwisha kulimwa, tupu kama sahani iliyolambwa. Taipureta alikuwa akiipiga huku anaangalia dirishani. Mimi nilifika darasa la nne, na ningeendelea kama la tano lisingekuwa na hesabu. Kwa hiyo niliunda Kamati Ndogo ya Kuhama, nikajiteua kuiongoza, nikajipongeza kwa makofi.

Tukaenda Emali kwa mzee Yarow, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, ambaye mbuzi wake hawajawahi kututia aibu. Alikuwa na kompyuta mbili za kubeba, alizobadilishana na mtu wa Nairobi kwa ngamia. Moja ilikuwa ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, kona yake imefungwa kwa selotepu. Mbuzi tisa. Ya pili ilikuwa nyeusi, nyembamba, inang'aa, na mfuniko wake ulifunguka polepole kama mlango wa benki. Mbuzi thelathini na mmoja.

Kamati ilizikagua kitaalamu. Kalondu, ambaye ndiye mjuzi wetu wa mifugo, alizipapasa mbavu, akazinyanyua kupima uzito, akazitazama meno yote yenye herufi. Akatangaza kwamba zote mbili hazijazaa.

"Mzee Yarow," Mbinya akauliza, "hii ya kijivu inakula nini?"

"Hiyo ni mbuzi wa kienyeji, mama. Inakula umeme wowote. Wa zahanati, wa jenereta ya kinu cha posho, hata betri ya gari. Ikianguka unaipanguza vumbi, mnaendelea."

"Na hii nyeusi?"

"Hii ni ng'ombe wa gredi, wa kizungu. Waya wake wa umeme ni mmoja tu, na huo mmoja ulibaki Nairobi. Naweza kuagiza. Mwezi moja, miezi miwili. Lakini saa hii betri imejaa, wallahi. Kitu ingine, disketi ya hii haisomwi na ile. Mkichagua, mmechagua."

"Basi tuchukue ya kijivu," Mbinya akasema.

"Mbinya," nikamwambia, "mkubwa akija kututembelea, utamwonyesha jiwe la kusagia?"

"Nitamwonyesha majina, susu."

Kuniita susu, yaani bibi, kulikuwa heshima, lakini hapo niliona upungufu wa maono. Ni kweli mimi mwenyewe nilizika ng'ombe wawili wa gredi katika ukame wa themanini na nne, wamekufa wakinitazama kama mwajiri mbaya. Lakini kiongozi hatawaliwi na mambo ambayo yamemtokea.

Mbinya alikubali jambo moja tu: tuulize kwanza ofisi inatumia ya aina gani, tununue inayosomeka huko. Ombi hilo lilikuwa la maana, na kwa sababu hiyo lilinikera. Wilayani tulimpata Bwana Evanson Njogu, Afisa wa Mbegu, ameketi mbele ya mlango ulioandikwa CHUMBA CHA KOMPYUTA. VUA VIATU.

"Bwana Afisa, yenu ni ya aina gani?" Mbinya akauliza.

"Sisi tunatumia ya kisasa."

"Ndiyo, lakini aina gani?"

Bwana Njogu akafuta miwani kwa tai. "Ya serikali," akasema.

Nikaandika kwenye minits: swali limejibiwa kikamilifu. Tukarudi wote kwa Yarow, kura zikapigwa. Nyeusi ilipata thelathini na tisa, kwa kuwa nilihesabu mikono nikiwa nimeipakata mwenyewe, na hakuna aliyetaka kuniudhi nikaiangusha. Ya kijivu ilipata Mbinya.

Sasa, desturi ya mwethya unaijua. Mali ya kikundi hailali kwa mtu mmoja. Mbuzi wa maziwa analala kwa zamu, sufuria ya harusi inalala kwa zamu, ili asitokee mmoja wa kunenepa peke yake. Sikuona sababu ya kuibagua kompyuta. Ililala kwangu kwanza, kwa mujibu wa cheo. Niliifungua majirani waone mwanga, wakaja na sukari. Niliandika jina langu pamoja na cheo, kwa kidole kimoja, kazi iliyochukua muda wa chungu cha githeri kuiva. Siku ya pili ilikuwa kwa Kalondu, ambako mumewe Kivuva aliitumia kama taa kumtafuta kuku aliyepotea chini ya kitanda. Kuku alipatikana. Nyumba ya tatu ilipoifungua, ilikuwa imekufa.

Zamu haikusimama. Ilipita nyumba kumi na saba, na kila asubuhi nilipokea ripoti: "Imelala salama, susu." Nikaziweka kwenye faili.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, Mbinya akaja. "Susu, orodha iko wapi?"

"Imo ndani."

"Ndani kuna majina mangapi?"

"La mwenyekiti."

Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anavyotazama wingu lililopita. Kisha akaketi kizingitini, akachukua daftari la mwanawe, akaanza kuandika majina arobaini nyuma ya hesabu za kugawanya. Mikono yangu ilikuwa haina kazi, nikamshikia wino.

Ijumaa tukaenda wote arobaini. Mbinya alibeba daftari. Mimi nilibeba kompyuta iliyokufa, imefunikwa leso, kama tunaenda kuibatiza.

"Karatasi sipokei," Bwana Njogu akasema bila kuligusa daftari. "Wilaya imehama."

"Sawa, Bwana Afisa," Mbinya akasema. "Basi tuingize humo tukaandike kwa yenu. Mimi napiga haraka. Saa moja tu."

"Hapo hapaingiwi na viatu."

Mbinya akavua akala zake za tairi, akaziweka ukutani. Kalondu akavua. Wote wakavua. Nikavua na mimi, ingawa soksi yangu moja ilikuwa na tundu lisilolingana na hadhi ya mwenyekiti. Akala zikajaa mpaka barazani.

"Ufunguo uko na mkubwa," akasema.

"Tutangoja."

Tukaketi sakafuni. Mabati yakaanza kugonga, tone moja moja, halafu mengi. Mvua ilikuwa imewahi. Mbinya akainamisha kichwa, nikajua analiona shamba lake likinywa maji ya bure. Nami nilitamani mtu anitukane, lakini akina mama wetu wana adabu.

Wakati huo panya mmoja akatoka chini ya mlango wa chumba cha kompyuta, bila viatu. Alikuwa mnene, manyoya yanang'aa, akitembea taratibu kama mtu aliyestaafu vizuri. Mdomo wake ulikuwa na unga wa pinki. Wanawake arobaini wasiokuwa na chakula walimtazama mpaka akapita.

"Bwana Njogu," nikasema, "kompyuta za serikali hula vizuri."

Afisa akafuta miwani, akaivaa, akaivua tena. Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe, akanyoosha mkono, akapokea daftari la Mbinya. Akagonga muhuri ukurasa wa kwanza, juu ya hesabu.

Mbinya hakuinuka. "Yenu ni ya aina gani?" akauliza tena, kwa upole, kama mara ya kwanza.

"Mama," akasema Bwana Njogu, akisukuma mlango, "bado hatujaletewa. Humu ni mahindi yenu."