Suti ya Shemeji

Jumatatu, 6 Mei

Nimepata kazi! Karibu niipate, tuseme. Bosi wa kampuni ya kutembeza wageni amenipa wiki moja ya majaribio. Naongoza matembezi ya miguu katika mtaa wa zamani wa mabenki: soko la kwanza la hisa, nyumba ya bima yenye simba wa mawe mlangoni, benki kongwe yenye nguzo nene. Ijumaa Bosi mwenyewe atafuatana na kundi langu. Akiridhika, nimeajiriwa. Asiporidhika, dada amesema kochi lake limechoka kunibeba na nitarudi kwa baba kulisha kuku. Kuku wa baba wananijua. Hawaniheshimu.

Nilimkumbusha dada kwamba mimi ni msemaji wa kuzaliwa. Akakubali upesi mno. Akasema tatizo langu halijawahi kuwa mdomo.

Matembezi ya kwanza: si mabaya. Nilianza na kundi zima nikamaliza na mzee mmoja na mkewe. Mzee alibaki kwa sababu goti lilikuwa likimsumbua, mkewe kwa sababu ya mzee. Wengine walipotelea njiani. Baadaye niliwaona nyuma ya Mama Mwavuli, wamejipanga vizuri, wanacheka.

Huyu Mama Mwavuli ni mwalimu mstaafu, naye anaongoza wageni wa kampuni yetu. Anatembea ameinua mwavuli wa njano juu ya kichwa, jua au kivuli. Kichekesho kitupu. Nashangaa watu wanamfuata.

Jumanne, 7 Mei

Mama Mwavuli kanijia asubuhi kabla ya kazi. Akasema watu hawafuati maneno, wanafuata kitu wanachokiona. Akasema ana mwavuli mwingine nyumbani, wa njano vilevile, niuchukue bure. Nikamshukuru, nikamweleza kwamba mimi nafuatwa kwa haiba. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili. Akasema, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mwalimu aliyekwisha kusahihisha watoto wengi wa aina yangu.

Leo wamepotea wote. Hata mzee wa goti.

Lakini sikukaa bure. Niliketi kwenye ngazi za nyumba ya bima nikautazama mtaa. Nani anapishwa njia? Nani anafunguliwa mlango? Nani anapigiwa saluti na walinzi? Mtu wa suti ya bluu iliyokolea. Huyo tu. Na suti ya bluu iliyokolea ipo nyumbani kwetu, kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni. Ni ya shemeji. Ameitunza kwa ajili ya harusi ya binamu yake Jumapili hii.

Sitamsumbua kumwomba. Shemeji ana mawazo mengi.

Jumatano, 8 Mei

Suti imekaa! Shemeji ni mfupi na mpana, mimi ni mrefu na mwembamba, kwa hiyo suruali inaishia juu ya vifundo vya miguu na kiunoni nimeibana kwa mkanda hadi imekunjamana kama pazia. Lakini kwa mbali ni mtu mzito. Mlinzi wa benki kongwe amenipigia saluti. Nilitamani dada awepo.

Mbele ya nguzo akanijia mama mmoja mwenye hasira. Mashine ya benki imemeza kadi yake. Ningeweza kumwambia mimi si mtu wa benki. Badala yake nikakunja uso, nikauliza ilikuwa lini, nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikamwambia suala lake tunalishughulikia. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nani amewahi kunishika mkono hivyo? Nyuma yake wakajipanga wengine. Mmoja analalamikia foleni, mwingine kalamu zilizofungwa kamba. Nikawasikiliza wote. Wageni wangu walidhani ni sehemu ya maonyesho, nao wakaingia kwenye mstari.

Historia hatukuifikia. Lakini heshima imepatikana.

Alhamisi, 9 Mei

Mchana, ofisi zilipotoa watu kwenda kula, barabara ilijaa suti za bluu. Mgeni mmoja aliandamana na mwanasheria hadi mgahawani, wakaagiza chakula, ndipo akamuuliza habari za simba wa mawe. Ajali ndogo.

Mama Mwavuli kaniita pembeni. Akasema, "Mwanangu, mtaa huu wote wanavaa hivyo." Akasema kesho Bosi anakuja, mwavuli upo, amekuja nao kabisa. Wivu. Nimeuona wazi. Anajua Bosi akiniona ndani ya suti hii, zama zake zimekwisha.

Usiku nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Pale kwenye kuanguka kwa soko la hisa nitaiacha sauti itetemeke kidogo. Dada kagonga mlango akauliza kama naumwa tumbo.

Ijumaa, 10 Mei

Nianze na mwanzo.

Bosi kaja na raba na kofia pana. Kundi zuri, watu wasikivu. Kwenye soko la hisa niling'ara, hata Bosi alitikisa kichwa kukubali. Nikasema nifuateni, nikavuka barabara kwa mwendo wa kibenki. Mtu wa benki hageuki nyuma, anajua anafuatwa. Nikaongea mtaa mzima. Nikawaeleza simba, nikawaeleza bima, nikafika kwenye siku ile matajiri walipotoka sokoni wakiwa maskini, sauti ikatetemeka kama nilivyoipanga. Nikageuka kuyaona machozi.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mtu mmoja anatafuna karanga. Akasema hadithi imemgusa. Akauliza choo kiko wapi.

Kundi hakuna. Bosi hakuna. Nilikimbia mtaa ule juu na chini nikishikilia suruali. Nikamkuta Mama Mwavuli. Akaelekeza kwa mwavuli wake: wameingia benki kongwe, wakimfuata bwana mmoja wa suti ya bluu anayetembea kama mimi, ila yeye suruali yake inafika kwenye viatu.

Mlangoni, mlinzi yule yule wa saluti akanizuia. Leo ni mkutano mkuu wa wanahisa, mwaliko wangu uko wapi? Nikasema mimi ni wa humu humu. Akauliza idara gani. Nikasema malalamiko. Akasema idara hiyo hawana. Na hapo hapo nikamwona yule mama wa kadi anapanda ngazi, safari hii na mumewe. Nikaruka nyuma ya nguzo, nikajibana nayo kama ukuta wa pili. Nguzo ilikuwa na ubaridi wa ajabu na ubichi fulani. Sikuwa na nafasi ya kuchunguza.

Nilisimama hapo hadi miguu ikafa ganzi, nikiwawaza kuku.

Wakatoka. Wote! Shingoni wamevaa vitambulisho, mikononi mifuko ya kalenda na kalamu. Bosi alikuwa anajifuta keki mdomoni. Kumbe walimfuata yule bwana hadi kwenye lifti, akawadhani wanahisa, akawapandisha ukumbini. Wameona dari ya zamani iliyochorwa kwa mkono. Wameshushwa hadi kwenye chumba cha chini chenye mlango wa chuma, ambacho hata Mama Mwavuli hajawahi kukanyaga. Wamekunywa chai. Wamepiga na kura. Bosi alimchagua mkurugenzi mmoja kwa sababu ana uso wa huruma.

Bosi akasema tangu aanze kazi hii hajaona mwongozaji aliyeweza kuwaingiza wageni humo. Akauliza nimefanyaje.

Hapo kulikuwa na mlango mdogo wa ukweli, na ulikuwa wazi. Niliuona kabisa. Nikaweka tai sawa nikasema ni mambo ya kufahamiana.

Nimeajiriwa! Sharti moja tu: kuanzia sasa kila matembezi yawe na chai ukumbini. Tangazo ameshalitoa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda benki kuomba ukumbi. Mlinzi amenieleza kwamba mkutano wa wanahisa ni mara moja kwa mwaka. Halafu akauliza, kwa upole, kama najua zile nguzo zilipakwa rangi juzi.

Nikavua koti nikaligeuza. Mstari mweupe kutoka kwenye kola hadi kwenye makalio, mpana kama barabara. Nimezunguka mji nao tangu jana. Nilidhani watu wananitazama kwa heshima.

Shemeji aliuona niliporudi. Angenitukana ningepona. Alilikunja koti taratibu, akalirudisha kwenye mfuko wa nailoni, akaenda kukaa barazani peke yake. Dada ameleta begi langu sebuleni. Nalo limeandikwa jina la kampuni ya chakula cha kuku.

Jioni Bosi akapiga simu. Benki wamemuuliza wageni wake ni akina nani na kwa nini wamepiga kura. Nimesema ukweli wote, kwa kuwa uongo ulikuwa umeniishia. Akasema nina matembezi ya Jumatatu asubuhi na basi. Nikimpoteza hata mgeni mmoja, nisirudi. Akasema hata hayo si kwa hisani yake. Mama Mwavuli ndiye aliyeniombea.

Nimejisikia vibaya, kwa kweli. Nimelala chali kwenye kochi nikaona aibu hadi masikioni.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji amekwenda harusini na sweta. Nimeahidi kumlipia dobi nikipata mshahara wa kwanza. Dada akacheka, lakini begi amelirudisha kwenye kona yake hadi kesho.

Nimefikiri mchana kutwa, na sasa mimi ni mtu mwingine. Nakiri kwa maandishi: Mama Mwavuli alisema kweli. Watu wanafuata kitu wanachokiona. Nilikwenda hadi kwake nikamwambia hivyo hivyo, usoni. Alifurahi hadi akaniletea kiti. Akanipa ule mwavuli wake wa pili, akanionyesha namna ya kuuinua mkono usichoke. Nikamshukuru kwa moyo wote. Nimepona. Kiburi basi.

Njiani nikaufungua nijizoeze. Njano! Njano kabisa! Ushauri ni mzuri, lakini ule ni mtaa wa mabenki, si wa wauza maji ya matunda. Kwa bahati mwuza miavuli wa kona alikubali tubadilishane. Nimepata mweusi, mrefu, mpini wa mbao, wa aina ile ile wanayobeba mabwana wote wa benki. Nikiushika hata suti siihitaji.

Na tazama neema inavyokuja kwa aliyejirekebisha: redio imesema kesho mvua itanyesha asubuhi nzima. Hakuna atakayeshangaa kuniona nimeufungua. Wageni watakaza macho kwenye mwavuli mweusi, basi, na hatapotea hata mmoja.