Mbwa wa Koti

Koti alikuwa amekaa kwenye duka la dawa za mifugo, si kununua, kupigwa na feni tu, wakati Bwana Mabanda alipoingia analia. Mwanaume mzima, ana mabanda ya kuku na pikipiki mpya, analia kama kanyang'anywa titi.

"Hoteli imenirudishia kuku wote! Eti nyama imejaa antibayotiki. Sasa kuku asipokunywa dawa si atakufa?"

"Kwani walikuwa wanaumwa nini?" akauliza mwenye duka.

"Hawaumwi! Nawapa wasije wakaumwa."

Mwenye duka akatazama dari. Dawa zote hizo yeye ndiye aliyemuuzia, kwa hiyo hakuona sababu ya kuendelea na mada.

Koti akasimama, akajikung'uta koti jeupe la mtumba lililompa jina. Kati yake na koti hilo, kama kuna aliyewahi kufika chuo cha udaktari, ni koti.

"Kaka mkubwa, unaua wadudu wabaya na wema pamoja. Tumboni mwa kuku kuna wadudu wema, walinzi wa nyumba. Hao wanaitwa probayotiki, na mimi ninao. Wamekuja kwa ndege, ndani ya barafu."

"Bei gani?"

Koti akachungulia nje, ilipoegeshwa pikipiki. "Hoteli ikichukua kuku, nipe ile."

Bwana Mabanda, mtu anayekopesha njiti ya kiberiti na kuidai, akakubali upesi mno. Moyoni alishaamua kwamba kuku wakiuzwa atauliza mkataba uko wapi. Wakapeana mikono, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Pikipiki hiyo Koti aliihitaji kufa na kupona. Yeye na mkewe walikuwa wakilala chumba cha uani kwa mama mkwe, muuza mtindi. Kila asubuhi alimwamkia mama huyo akiwa ameangalia vidole vyake vya miguu, na kila jioni aliulizwa, kwa upole unaochoma kama pasi, iwapo kazi imepatikana. Kwa pikipiki angembeba mkewe wakaanze maisha mji mwingine.

Na wadudu wema? Yale maji ya njano yanayobaki mtindi ukichujwa. Mama mkwe alikuwa akiyamwaga.

"Mama, naomba hayo maji. Kuna mbwa ananisikitisha."

"Mbwa wa nani?"

"Wa mtaani tu."

"Haya, mkwe wangu."

Koti akajaza chupa, akampelekea Bwana Mabanda, aliyekuwa ameingiza vifaranga wapya. "Wadudu hawa ni wastaarabu," akaonya. "Ukitia antibayotiki hata chembe, wanakufa. Maji machafu, wanakufa. Maranda yakilowa, wanakufa. Hapo usinitafute." Masharti yote hayo yalikuwa milango ya kutokea: vifaranga wakianza kuanguka, kosa litakuwa la mwenye banda.

Lakini Bwana Mabanda aliogopa hasara kuliko kaburi. Akasugua vyombo vya maji ambavyo havijawahi kuonana na brashi. Akabadilisha maranda, akafungua madirisha, akafagia kama anayesubiri wakwe.

Kuku wakakataa kufa. Koti alikwenda akitarajia msiba, begi lake limeshafungwa, akakuta kuku wanene wanamkodolea macho. Kama ni maji ya mtindi, kama ni ufagio, kama ni kuachwa na dawa wasiyoihitaji, msiniulize mimi. Koti mwenyewe alianza kujiogopa.

Nyumbani nako: "Mkwe wangu, huyo mbwa bado hajashiba?"

"Bado, mama. Amezaa."

"Wengi?"

"Wengi sana, mama."

"Masikini."

Siku ya hoteli kuja, Koti alilitafuta koti lake kwenye kamba ya nguo, hakuliona. Akakimbia hivyo hivyo na shati. Alipofika, gari la hoteli lilikuwa linaondoka limejaa matenga, na Bwana Mabanda alikuwa akibishana na mtu wa koti jeupe aliyempa Koti mgongo.

"Pikipiki gani, Daktari? Mkataba uko wapi?"

"Haupo," ikajibu sauti ya upole unaochoma. "Na wadudu wa kundi lijalo nao hawapo. Wanatoka kwangu, baba. Hoteli ukaielezee mwenyewe."

Bwana Mabanda akatoa funguo kama anang'olewa jino. Mara akamwona Koti. "Na huyu?"

"Kijana wangu wa kubeba ndoo."

Koti akafungua mdomo. Lakini mama mkwe humwiti tapeli mbele za watu, hata akiwa amevaa koti lako. Akaufunga, akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbwa ameshiba?"

"Ameshiba, mama."

"Basi washa pikipiki, mimi sijui kuendesha." Akapanda nyuma upande upande, akalitandaza koti, akapakata ndoo. "Mkeo hanifichi kitu. Tunapita mabanda ya jirani. Na uende taratibu, mkwe wangu, usinimwagie wadudu."