Vimulimuli Hawakufungwa, Walimaliza Mapema

Kamati ya Manispaa ya Santa Rufina ya Kuratibu Hasira Baada ya Mechi ina furaha kuutangazia umma kwamba timu yetu ya besiboli, Vimulimuli, haikufungwa siku ya Jumapili. Matokeo ya 19 kwa 0 yasipotoshwe. Sheria inasema tofauti ikifika pointi kumi, mchezo husimamishwa kipindi cha saba badala ya cha tisa. Maana yake vijana wetu walikamilisha kazi kabla ya muda uliopangwa, jambo ambalo halijatokea hapa mjini tangu tuanze kujenga daraja.

Mimi ndiye karani wa Kamati. Nina cheti cha sekondari na muhuri wangu mwenyewe. Jumatatu asubuhi niliwekewa meza bustanini, kando ya lile benchi ambapo tangu enzi za babu zetu watu hukutana kupayukiana juu ya besiboli. Zamani walipayuka holela. Siku hizi kuna Fomu Namba 7, kibali cha kupayuka.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Evaristo Pupo, kinyozi, mwenye miaka thelathini na moja ya kupayuka kwenye benchi hilohilo. Macho mekundu, mikono inatetemeka.

"Osniel mwanangu, gonga muhuri upesi. Nisipopayuka sishiki wembe tena leo. Asubuhi nimemnyoa mwalimu wa hesabu nyusi moja."

"Pole, mzee. Jaza sababu ya hasira. Zilizoidhinishwa ni tatu: jua, mwamuzi, au wewe mwenyewe."

Akaandika: Dainier. Huyo ndiye mtupaji wetu wa mkono wa kushoto, aliyeachwa uwanjani anatwangwa mpaka pointi ya kumi na tisa. Pia ni mkwe wa Ndugu Leovigildo Barzaga, Mwenyekiti wa Kamati; amemwoa binti yake.

"Hiyo haimo, mzee."

"Haimo? Jana ilikuwemo, saa tatu nzima, mbele ya macho yangu!"

Migdalia, muuza karanga, akadakia: "Mwache mzee wa watu aseme! Bibi yangu ana miaka tisini, na mipira ya yule hata yeye angeipiga ikavuka ukuta. Tena kwa bakora yake ya kutembelea!"

Nikawakumbusha kwa upole kwamba anayepayuka bila kibali hupigwa marufuku benchini msimu mzima. Evaristo akafumba mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama kama kamba za kuanikia nguo.

Hapo akafika Mwenyekiti mwenyewe, kofia ya ukindu kichwani, kuja kuisomea bustani taarifa.

"Ndugu wananchi, hali ni shwari. Mkwe wangu alitupa vizuri."

"Vizuri sana," Evaristo akasema, kwa sauti ya chini inayoruhusiwa na kanuni. "Nauliza tu, Ndugu Mwenyekiti. Sasa kosa lilikuwa la nani?"

Mtu wa kwetu haulizwi swali hilo akabaki salama. Mwenyekiti alijizuia sekunde nne. Nilizihesabu.

"La yule bwege anayelinda kituo cha pili!" akalipuka. "Mpira unampita miguuni kama kuku anavyokatiza uani! Na kocha je? Anapanga wapigaji kama mlevi anavyopanga viatu!" Tayari alikuwa juu ya benchi. Kofia ilidondoka, hakuiona. Kibali hakuwa nacho, nikaandika.

"Na mtupaji?" Evaristo akauliza, mpole kama yuko kanisani. "Wewe ungemtoa lini?"

"Mimi? Kipindi cha kwanza! Lakini nyie hammjui binti yangu. Angenila mbichi!"

Nyuma ya benchi alikuwa amesimama binti yake, Yamisleidis, mkono kiunoni.

"Baba. Shuka."

Akashuka.

"Nani angekula mbichi? Dainier aliomba kutoka kipindi cha tatu, bega linamuuma. Hadi leo hawezi kuinua kikombe! Wewe ndiye uliyempigia kocha simu. Ukasema mkwe wa Mwenyekiti hatolewi mbele za watu."

Mwenyekiti akanitazama. Kama karani mwaminifu, nikaongeza kwenye fomu sababu ya nne, Mwenyekiti, nikagonga muhuri. Yamisleidis akamwonyesha baba yake mahali pa kukaa, naye akakaa.

Evaristo akapanda benchi, akakohoa, akanyoosha kidole.

"Pointi ya kwanza! Hebu nieleze, bwana mkubwa, mtu ana mpira mkononi, anangoja nini? Barua?"

Akaendelea hivyo, pointi moja baada ya nyingine, hakuna aliyemkatiza. Alipofika ya sita, mikono yake ilikuwa imetulia tuli, na mwalimu wa hesabu alikuwa ameanza kumsogelea ili anyolewe na nyusi ya pili.

Mwenyekiti akaninong'oneza, eti ana kikao cha dharura mkoani, je, anaweza kuondoka?

Nikamjibu, kwa heshima zote anazostahili, kwamba zimebaki pointi kumi na tatu.