Vigumba vya Baba Mkwe na Mkanda Wangu

Leo nimeaibika, jamani. Si ile aibu ndogo ya kuteleza kwenye tope la Kawangware, hiyo nimeizoea. Nimeaibika mbele ya mama mkwe.

Acheni nianze asubuhi.

Baba mkwe wangu anaishi chini ya Mlima Elgon na ni mpiga mishale. Kuwinda kulipigwa marufuku zamani, kwa hiyo yeye na wazee wenzake wanawinda mgomba. Kila mwaka wanasimamisha shina la mgomba shambani, wanarudi nyuma hatua thelathini, kila mzee anarusha mishale mitatu. Mwaka jana mishale ya baba mkwe iligonga shina ikaanguka chini kama njiti za kiberiti. Vigumba vilikuwa butu. (Kigumba ni kile chuma cha kwenye ncha ya mshale. Nimelijua neno hili mwezi huu, na nina shahada mbili.) Wenzake walimcheka hadi Krismasi.

Wiki mbili zilizopita mama mkwe alikuja Nairobi kuondolewa mtoto wa jicho. Alifikia Kibera, Sarang'ombe, kwa shemeji yangu Wafula ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ndani ya mkoba alikuwa na kopo la kakao lenye vigumba vitatu na ujumbe wa mzee: "Mpeni mkwe anoe. Tuone kama shule ilimfunza kitu."

Mnaelewa uzito wa maneno hayo? Kwa miaka kumi na minne nimekuwa mkwe wa vitabu. Siku ya kwanza ukweni nilipewa jogoo nimchinje. Jogoo yule alikufa kwa uzee.

Na mimi, kama mwanafunzi mzembe, nimesubiri hadi siku ya mwisho. Mama mkwe anasafiri leo, basi la saa kumi. Mashindano ni Jumamosi.

Saa tatu nilikuwa kituo cha Kawangware 46 kwa Mutiso, yule anayenoa visu kwa baiskeli iliyopinduliwa. Akatazama ndani ya kopo, akafunika.

"Prof, hii si kisu ya kukata sukuma wiki. Nikiweka kwa gurudumu itashika moto, chuma iharibike. Hii inanolewa na mkono."

"Basi noa na mkono."

"Mkono ya nani? Niko na visu za hoteli mbili hapa. Kaa kwa hiyo stuli nikuonyeshe, uende ujinolee."

Akanionyesha. Kwanza unakwangua kwa tupa. Kisha jiwe lililoloweshwa maji, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, kigumba kisilemee upande mmoja. Mwisho unamalizia kwenye ngozi.

"Kwa ngozi unavuta tu, makali ikifuata nyuma. Usisukume mbele. Ukisukuma unakata ngozi. Umeshika?"

"Nimeelewa," nikasema. (Neno hili limeniponza tangu chuo kikuu.)

Nikaketi mlangoni kwangu na beseni la maji, tupa na jiwe la kuazima. Mke wangu Nekesa akapita na nguo za kuanika, akarudi, akapita tena.

"Baba Awino, unanoa ama unasali?"

"Baba yako atajua leo aliozesha nani."

"Alishajua," akasema, akaenda zake.

Ikafika zamu ya ngozi. Nyumbani kwetu ngozi ni moja tu, nayo ni mkanda wangu. Nikaufunga kwenye kitasa, nikauvuta ukakaza, nikaanza. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama mtu anayepiga mswaki. Raha iliyoje! Nikajaribu kigumba kwenye mkono wa kushoto: nywele zikaanguka zote. Nikajaribu wa kulia. Pia! Kwa sasa nina mikono ya mtoto mchanga.

Kutazama saa, saa nane na nusu! Nikavaa suruali ya suti, mtumba mzuri ulioshonewa mtu anayekula vizuri kunizidi, nikajifunga mkanda. Niliona una mistari mistari. Mikwaruzo tu, nikajiambia.

Nikapanda boda. Pale tulipoingia Kibera kuna tuta lisilo na huruma. Boda ikaruka, tukatua, nikasikia *taf!* kiunoni.

"Ni taya imepasuka?" akauliza mwenye boda.

"Si taya," nikasema. "Endelea."

Mkanda ulikuwa umechanika karibu wote, umebaki uzi wa ngozi. Nikafika kwa Wafula mkono wa kulia umebeba kopo, wa kushoto umeshika kiuno kama mama mjamzito.

Hapa lazima mjue jambo moja. Ukweni kwangu, mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawaketi karibu. Na mama mkwe akimwona mkwe akiwa hana nguo mahali panapostahili nguo, hilo si la samahani. Hilo ni la faini ya mbuzi.

Mama mkwe alikuwa ameketi kona ya mbali. "Jana wamemtoa bandeji," Wafula akajigamba. "Sasa anaona mpaka tundu la sindano!"

"Mungu ni mwema," nikasema, nikaketi haraka kwenye kiti cha karibu na mlango.

Nikampa Wafula kopo. Akatoa kigumba kimoja, akakipitisha kwenye kidole gumba, kama anavyofanya na kila chuma.

"Aii! Shem!" Damu! "Hii ni wembe!"

Mama mkwe akatabasamu. Jamani, alitabasamu! Akasema, akiangalia ukuta kwa heshima, "Mzee atafurahi." Kwa dakika kama tano hivi nilikuwa mwanamume.

Ningeaga pale pale. Lakini kulikuwa na Pasta wa kanisa lao, amekuja kuaga mgeni.

"Tusimame tuombee safari," akasema.

Wote wakasimama. Mimi nikabaki.

"Mkwe?"

"Nitaomba nikiwa nimeketi, Pasta. Magoti." (Magoti yangu ni mazima kabisa. Ndiyo kitu pekee kizima mwilini mwangu.)

Nilidhani nimepona. Sikumbuki ni lini nimewahi kukosea hivyo. Pasta akafunga Biblia, macho yakang'aa.

"Ndugu zangu, tumekuja kuombea safari, kumbe Mungu alitaka magoti!"

Akanijia. Wafula akanijia, na kidole chake kimefungwa kitambaa. Wakaniwekea mikono, goti moja kila mmoja. Maombi yakapanda. Majirani wawili wakaingia kusaidia.

"Simama kwa imani!"

"Pasta, polepole..."

"Simama!"

Nikasimama, mkono wa kushoto ukiwa kiunoni. Wakashangilia! Wafula akapiga makofi.

"Sasa inua mikono umshukuru Bwana!"

Nikainua wa kulia.

"Mikono yote miwili! Mungu hajakuponya goti moja!"

Mniambie nyinyi, mngefanya nini? Nyumba imejaa watu, wote wanalitazama goti langu kwa machozi. Nikasali sala yangu ya kwanza ya kweli tangu mwaka uanze: ee Bwana, huo uzi. Nikainua wa kushoto.

Mkanda ukamaliza kazi niliyouanzishia asubuhi.

Suruali ikashuka yote, mpaka kwenye viatu. Kaptura yangu ya ndani ni ya kijani na ina mananasi. Ni zawadi ya binti yangu, naomba tusiizungumzie. Sijawahi kumsikia Pasta akisema "Amina" haraka vile.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Mabega yakatetemeka. Nikajua analia, nikatamani sakafu ipasuke. Kisha leso ikasema, "Khi khi khi."

Akatoka nje na kumpigia mzee simu, spika ikiwa wazi. Kibukusu changu ni kidogo, lakini kwa aibu nilikielewa chote.

"Vinakata?" mzee akauliza.

"Vimekata kidole cha Wafula."

"Kidole hata kisu kinakata."

"Vimekata pia mkanda wa mkwe. Akiwa ameuvaa."

"Nani aliona?"

"Sote. Na Pasta. Na mimi na haya macho mapya."

Nikamsikia mzee akicheka, mara ya kwanza katika miaka kumi na minne.

"Basi mgomba umekwisha. Mwambie Jumamosi aje na mbuzi. Akishamfunga mbuzi, mshale mmoja nitamwachia arushe yeye."

Mshale mmoja! Mimi!

Sasa nimerudi nyumbani, na ninaandika nikiwa nimesimama. Wafula alinikaza suruali kwa waya wa chuma, akauzungusha kwa koleo mara sita kama mtu anayefunga geti. Nimekunywa chai vikombe vitatu na vyote vinataka kutoka, Nekesa ameenda kwaya, na koleo liko Sarang'ombe. Aliye na koleo pande za 46 aje upesi. Akitaka kucheka, acheke baada ya kufungua.