Taulo la Mbwa Chini ya Mto

Jumatatu, 4 Machi
Nimeropoka tena. Shemeji, kaka wa mke wangu, alishinda sebuleni akituonyesha picha za mbwa wake kwenye simu. Eti anamletea viatu! Nikamwahidi binti yangu mbwa siku yake ya kuzaliwa, Jumapili hii. Binti karukaruka. Mke kanitazama tu. Mbwa akimkaribia, macho yanamwasha na kifua kinambana. Nilijua. Mdomo haukunisubiri.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda kwa mfugaji. Kanionyesha mbwa wa manyoya ya kujisokota, kaapa hadondoshi hata unyoya mmoja. Kochi tulilokalia lilikuwa limejaa manyoya. Kasema hayo ni ya mbwa mwingine. Mtu mkweli.

Jumatano, 6 Machi
Daktari wa mifugo kanivunja moyo. Kasema hakuna mbwa asiyesababisha mzio kabisa, tatizo liko hata kwenye mate na ngozi. Kwanza mke amwone daktari wake, halafu familia imtembelee mbwa mara kadhaa. Mara kadhaa! Na Jumapili je? Nimepata njia ya mkato. Nimemwomba mfugaji taulo analolalia yule mbwa, nikalisukumia chini ya mto wa mke wangu. Asipopiga chafya, mbwa ni wetu.

Alhamisi, 7 Machi
Ushindi! Mke kaamka mzima, anaimba jikoni. Mimi ndiye niliyeamka macho yamevimba, pua bomba lililopasuka. Mafua, yamenikuta siku mbaya. Nimempigia mfugaji simu asimpe mtu mwingine mbwa wetu. Kaniuliza mara mbili ni nani anayeongea.

Ijumaa, 8 Machi
Mke kasubiri binti aende shule, kisha kakaa mbele yangu.
"Taulo nililiona nikitandika," kasema. "Nikalihamishia chini ya mto wako."
Nikaanza kueleza kuhusu utafiti. Hakunisikiliza.
"Kifua kingenibana nimelala, baba. Mtoto ungemwambia nini?"
Kanipeleka hospitali, tukapimwa wote wawili. Yeye ana mzio wa mbwa. Mimi wangu ni mkali kuliko wake. Nimemwambia mpimaji mashine yake ni mbovu. Kaniletea kiti.

Jumamosi, 9 Machi
Mke kamaliza jambo zima kwa simu moja. Kila wikendi binti atakwenda kwa mjomba wake kumtembeza mbwa, akirudi ataoga na kubadili nguo kabla ya kumkumbatia mama. Leo karudi anacheka peke yake. Shemeji naye kanipigia kuniuliza hali ya pua.

Jumapili, 10 Machi
Sherehe imekwenda vizuri. Binti ameridhika, mke amenisamehe. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini mwili ni kama kiatu kipya, unalegea ukivaliwa. Nikizoea mimi, mke naye atazoea, na mbwa wa kwangu atamshinda yule wa shemeji. Nimemrudia mfugaji, safari hii kanipa blanketi. Nimelishonea ndani ya mto wangu. Mke kauliza kwa nini nahamia kochi la sebuleni. Nimesingizia mgongo.

Pua imeanza kuwasha. Vumbi tu.