Mashati ya Yide Lu

Jumatatu, 19 Oktoba 1998

Nimehama hoteli. Sababu ni moja tu: Murshid. Mtu ana duka Darajani, Zanzibar, kila anachokileta kutoka China kinagombaniwa, na bado halali Xiaobei, tunakolala Waafrika wote na kuna wali na mawakala wa mizigo chini ya ngazi. Kwa nini? Leo nimemfuata kwa teksi hadi mji wa kale. Kaingia kwenye nyumba ndogo ya wageni, ya matofali ya kijivu. Mlango wake ni fito nene zilizolazwa kama ngazi, unausukuma pembeni. Madirisha ya vioo vya rangi. Katikati kuna ua usio na paa. Nani anapanga sehemu kama hii bila sababu?

Nikaomba chumba. Mwenye nyumba ni mjane, Mama Liang. Mfupi, magoti mabovu, macho makali. Murshid aliponiona akanikumbatia, akasema karibu Hafidh, nilikuwa mpweke. Hakuna mtu anayefurahi hivyo kumwona mshindani wake. Anaficha kitu.

Jumanne, 20 Oktoba

Kitanda hakina godoro, mkeka wa mianzi tu. Mgongo wangu umeandikwa mistari kama daftari la hesabu.

Nikiwa naoga Mama Liang kaingia chumbani. Nimekuta suruali yangu imefuliwa na kupigwa pasi. Nikapekua mifuko. Kila kitu kipo! Mwizi mzoefu hachukui siku ya kwanza.

Mke wangu Fathiya kapiga simu kutoka Dar. Akasema ameuza bangili zake ili nisafiri, Ramadhani inakaribia, wateja wa Magomeni wanaulizia mashati ya Idi, na kontena linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nimepata nini? Nikamwambia niko karibu sana na jambo kubwa. Akauliza umbali gani. Nikasema chumba cha pili.

Alhamisi, 22 Oktoba

NIMEMKAMATA!

Asubuhi Murshid katoka na Mama Liang, kambebea kikapu. Wakaenda mtaa wa maduka wa Yide Lu. Nikawafuata, nikajibanza nyuma ya magunia ya samaki wakavu. Wakaingia duka moja. Mashati! Meupe, ya buluu, yamekunjwa ndani ya maboksi yenye karatasi ya plastiki, kila moja na tai yake. Viatu vyeusi vinavyong'aa. Saa za mkononi. Mama Liang akapapasa boksi la shati la buluu kwa muda mrefu. Murshid akaitikia kwa kichwa. Wakanunua moja tu, wakaondoka.

Moja tu! Sampuli hiyo! Kesho angerudi kuzoa duka zima. Kumbe ajuza ndiye dalali wake!

Nikajitosa ndani. Tajiri wa duka, laoban kama wanavyoitwa huku, ni mtu mwembamba mwenye jino la dhahabu. Nikauliza bei. Akanionyesha kwenye kikokotoo. Bei ya pipi! Nikataka kufungua boksi niliguse shati, akakataa, plastiki isichanike. Nikaona ni mtu anayeheshimu mali yake. Akauliza kwa vidole, nataka mangapi. Nikazungusha mkono duka zima. Yote!

Hapo akabadilika uso. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. Akaniletea kiti. Akaniletea chai. Akanipigapiga bega taratibu. Nimeona wauzaji wakifurahi, sijaona muuzaji akimpa mteja pole. Mwishoni akaniongezea bure gari la boksi na friji ya boksi. Mapambo ya dukani, bila shaka. Nimelipa yote papo hapo nisije nikawahiwa.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimeswali na Murshid msikitini. Kamaliza, kaendelea kuomba dua, ndefu ajabu. Anaomba nini? Njiani akaniuliza kama nimeshapata mzigo. Nikasema bado natafutatafuta. Akasema anamjua bwana mmoja mwenye kiwanda cha mashati, anipeleke. Anipeleke! Baada ya kugundua duka ni tupu! Nikamwambia asante, sina haja. Nikacheka hadi nikakohoa.

Jumapili, 25 Oktoba

Siku ya msiba.

Mzigo umefika kwa baiskeli za matairi matatu, ukajaa ua mzima. Murshid na Mama Liang wakatoka kutazama. Nilitaka kumwonyesha Murshid alichokosa. Nikapasua boksi mbele yake, nikalivaa shati la buluu. Mkono wa kushoto ukabaki mkononi mwangu. Kola ikafuata. Kisha mgongo, kwa sauti kubwa.

Murshid akaja taratibu, akaokota kipande.

"Ndugu yangu," akasema, "hii karatasi."

"Karatasi gani?"

"Za kuchoma makaburini. Jumatano ndiyo siku yao ya kupanda mlimani kuzuru maiti wao. Humchomea marehemu nguo, saa, viatu, huamini vinamfikia. Bibi huyu kafiwa na mumewe mwaka huu. Miye namchukulia kikapu tu, magoti hayamwezi." Akatazama maboksi. "Hafidh, umenunua mangapi?"

Sasa nikaelewa yule laoban. Alidhani nimefiwa na kijiji.

Niligeuka nikamkuta Mama Liang ameketi juu ya kizingiti, analia. Si kilio cha kelele. Machozi yanashuka tu, na mkono umewekwa juu ya boksi. Akasema maneno mengi. Murshid akanitafsiria kwa sauti ya chini: mumewe alikuwa dereva wa basi, miaka yote alivaa sare, hakuwahi kuwa na shati la tai. Yeye aliweza kumnunulia moja. Na huyu mgeni, aliyekaa kwake siku chache tu, kamletea yote haya?

"Nimwambie kweli?" Murshid akauliza.

Nikamtazama yule mama. Nikawaza bangili za Fathiya. Nikataka kusema ndiyo, amwambie, na laoban arudishe mtaji wangu leo leo. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mwambie ni zawadi."

Hata sasa sijui nani kasema. Nadhani nilifikiria kupunguziwa kodi ya chumba. Hakunipunguzia. Kanipikia bata. Murshid akamweleza, hatuli mnyama asiyechinjwa Kiislamu. Akanipikia mayai.

Jumatano, 28 Oktoba

Mlima! Wapwa wa Mama Liang wakabeba maboksi, na mimi na Murshid tukabeba. Laiti ningenunua machache. Kileleni mimi na Murshid tukakaa pembeni, kuchoma si kwetu. Moto ukapanda juu kuliko wa makaburi yote. Watu wa koo nyingine wakaacha ibada zao wakaja kutazama. Mama Liang akasimama mbele ya kaburi akazungumza na mumewe kama anayeongea na mtu aliyechelewa kurudi nyumbani. Nikasikia neno Feizhou, yaani Afrika. Akanielekezea kidole. Wapwa wote wakaniinamia.

Macho yaliniwasha. Moshi ule ulikuwa mzito mno.

Alhamisi, 29 Oktoba

Kontena linafungwa kesho, sina hata soksi. Murshid akagonga mlango. Akasema tugawane mashati aliyoagiza kiwandani, nitamlipa nikishauza, Fathiya asikose cha kuuza Idi, ndugu hawaachani ugenini. Nikamtazama vizuri. Hakupepesa. Inatisha.

Tukaenda kiwandani. Laoban wa huko mnene, kapokea wageni kwa chai. Akanipa shati nilitazame. Safari hii sidanganyiki! Nikachovya mkono wa shati kwenye kikombe chake. Halikuyeyuka. Nikaving'ata vifungo. Nikawasha kibiriti kidogo tu pembeni ya kola, na hapo laoban akaruka juu.

"Mei you! Mei you!"

Yaani hakuna, mali imekwisha, toka. Murshid akamwomba radhi asubuhi nzima. Mwishowe akakubali, kwa sharti nikae nje, ng'ambo ya barabara.

Kwenye teksi Murshid akanieleza alivyogawa. Eti mabunda mazuri, saizi za watu wazima, kayaandika jina langu. Eti yeye kachukua yaliyobaki, ya watoto wadogo, mengine kola zimekaa upande. Atayauza polepole, yeye hana haraka. Nikasema Mungu akulipe. Moyoni nikasema: eti!

Ijumaa, 30 Oktoba

Nimewaza tangu alfajiri. Mtu mwenye akili timamu akupe vizuri, abaki na vibaya? Mfanyabiashara? Wa Darajani?

Nimefika kwa wakala wa mizigo kabla ya wote. Mabunda yake na yangu yamepangwa pamoja. Yake madogo zaidi, mepesi zaidi. Hariri hiyo! Nikamwambia wakala majina yamekosewa, tubadilishe. Nikayabadilisha kwa mkono wangu, kila bunda. Murshid kafika baadaye, kasaini bila kutazama, kanipa mkono. Masikini! Kontena limefungwa mbele ya macho yangu.

Nimempigia Fathiya. Nimemwambia awatangazie wanaume wote wa Magomeni waje kupimwa mashati.