Inhela Yangu na Noti ya Mipigo Kumi na Sita

Jumatatu, 4 Agosti
Furaha! Mwalimu wa kwaya ametangaza kwamba wimbo wa mashindano una noti ya kushikiliwa mipigo kumi na sita. Mwanakwaya mwenzangu Modiri huimaliza bila jasho, ana mapafu ya fahali. Mimi na pumu yangu naishia mpigo wa tisa. Lakini Modiri hana inhela! Mivuto miwili hufungua kifua. Kumi je? Akili ninayo!

Jumanne, 5 Agosti
Nimevuta kumi mfululizo nyuma ya kanisa. Moyo mbio! Mikono ikatetemeka, sauti ikalia kama mbuzi. Mipigo sita tu. Modiri akauliza mbele ya wote, “Onkabetse, unaimba au umewashwa injini?” Kwaya hoi kwa kicheko.

Jumatano, 6 Agosti
Mma Dikgang, nesi wa zahanati na shangazi yake Modiri (bahati yangu!), amenisomea maelekezo. Eti nitikise, nitoe pumzi, nibonyeze mara moja huku nikivuta polepole, nibane pumzi nikihesabu hadi kumi, ningoje kabla ya mvuto wa pili. Eti nisizidishe kuliko alivyoandika. Eti hiyo ni dawa ya kifua kilichobana, si mbolea ya sauti! Nikaitikia, “Ndiyo, Mma,” mara nane. Nitapunguza. Mivuto sita yatosha.

Jumamosi, 9 Agosti
Siku ya mashindano. Mji wa Serowe wote vumbi. Tukiwa jukwaani, ubeti wa pili, kifua kikafunga. Nikabonyeza inhela. Tupu! Nilikuwa nimeimaliza kwa mazoezi. Nikaona giza. Modiri akaacha mstari, akanikalisha wima, akanifungua kola, akapiga yowe, “Shangazi!” Mma Dikgang akaja mbio kutoka kwa watazamaji na inhela mpya na chupa yake ya plastiki ya kuvutia dawa. Mvuto mmoja. Akangoja. Mwingine. Hewa ikarudi nyembamba kama uzi. Noti kubwa ikapita, hakuna aliyeishika. Nikalia. Modiri akasema, “Nyamaza, bwana, pumua. Noti zipo tele.” Tumekuwa wa nne, nafasi ya mwisho ya kwenda wilayani.

Jumapili, 10 Agosti
Mzima kabisa! Mma Dikgang ameniongezea inhela ya kahawia: ya kila asubuhi na jioni, hata nisipoumwa, ili kifua kisibane. Ameniapisha kwa Biblia. Nimeapa, tena kwa machozi.

Halafu nikapiga hesabu. Mashindano ya wilaya ni wiki mbili zijazo. Nisipoigusa hiyo ya kahawia kabisa hadi hapo, mivuto yote itakuwa imelimbikizana! Siku yenyewe naivuta kwa mkupuo. Modiri atakoma!